Disketi Isiyouliza Swali

Protus Onyuka alikuwa mtu wa kuona haya, na hilo peke yake si kosa. Hapa Busia wapo watu ambao wangekopeshwa robo tu ya haya zake, mji ungetulia. Alizaliwa Sigalame, akasomea kompyuta Kisumu, kisha akarudi mpakani na kuajiriwa na Ogendo, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa aliyewauzia mawakala wa forodha kompyuta na programu. Programu yenyewe ilikuwa ya kuandikia zile karatasi za mizigo ambazo watu wa mpaka huziita entri. Lori bila entri halivuki kwenda Uganda, hata dereva alie machozi.

Ogendo aliuza, Protus akaenda kuweka. Kazi hiyo ilionekana rahisi kwa mtu asiyeifanya. Ofisi moja ilikuwa na kompyuta ya DOS, skrini nyeusi na maandishi meupe. Jirani yake alikuwa na Windows 3.1. Tajiri wa ng'ambo ya barabara alikuwa amenunua Windows 95 na alitaka kila mpita njia aione. Kila mfumo ulidai programu iwekwe kwa njia yake, na kila mara mashine iliuliza maswali: iweke wapi, ifute ya zamani, una uhakika? Protus alikalia kiti cha mwenye ofisi na kuyajibu moja baada ya jingine, huku mwenye ofisi amesimama mgongoni kwake akiuliza kama imeisha.

Hayo yote aliyaweza. Ofisi ambayo hakuiweza ilikuwa moja tu, ya mzee Oluka kule Malaba, na sababu yake haikuwa mashine. Katibu wa Oluka alikuwa Gaudencia, mjane kutoka Butula, naye ndiye aliyemzaa Sheilah, mke wa Protus.

Msomaji wa mbali huenda akauliza, sasa shida iko wapi? Kwetu huku, mwanamume na mama mkwe wake wana soni baina yao. Hawakai chumba kimoja, hawagusani, wala hawaangaliani usoni. Akija njia hii, wewe unakata ile. Si uadui hata kidogo. Ni heshima, tena kubwa kuliko ile ya kuamkiana, na hudumu mpaka familia mbili zikutane rasmi, zile chakula pamoja na kuivunja soni hiyo. Siku hiyo ilikuwa haijafika kwa Protus. Kila mwaka wazee wa Sigalame walisema mwaka huu, na kila mwaka palizuka matanga.

Basi kila zamu ya Malaba ilipofika, Protus aliugua. Aliugua mgongo, aliugua tumbo, mara moja aliugua jino ambalo lilikuwa limeng'olewa. Programu ya zamani pale kwa Oluka ilikuwa imewekwa na Ogendo mwenyewe kabla hajamwajiri fundi, kwa haraka, na tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kuipanga. Katika ofisi nyingine zote Protus alikuwa ametenga folda ya programu na folda ya entri, kila moja na chumba chake. Kwa Oluka vyote vililala chumba kimoja. Gaudencia hakujua kwamba kuna namna nyingine, na angejuaje, ikiwa mtu wa kumwambia alikuwa mgonjwa wa jino?

Mwaka wa 1999 ukaingia na hofu yake. Programu ya zamani haikuwa na uwezo wa kuhesabu mwaka wa elfu mbili, kwa hiyo ilibidi kila ofisi iwekewe mpya.

"Sasa Protus, Malaba unaenda lini?" Ogendo akamuuliza. "Mzee Oluka ananipigia simu mpaka nimechoka."

"Boss, wacha nimalize za Busia kwanza."

"Za Busia ulimaliza. Mimi si mtoto."

Protus akakuna shingo. Hapo ndipo lilipomtoka wazo ambalo, niseme haki, lilikuwa wazo zuri.

"Boss, naweza kutengeneza disketi inajiinstall yenyewe. Mtu anaingiza, anaandika neno moja, anabonyeza, basi. Hata kama machine ni ya DOS, hata kama ni Windows, inajua yenyewe."

Ogendo akacheka mpaka kiti kikalia chini yake. Aliona ofisi zote za mpaka, Busia mpaka Malaba, zikijihudumia zenyewe, na yeye akikaa tu. "Tengeneza!" akasema. "Hiyo ndiyo inaitwa maendeleo."

Sheilah hakudanganyika. Alipomwona mumewe akichora mishale kwenye karatasi hata wakati wa kula, alicheka.

"Wewe unaogopa mama."

"Siogopi. Ni heshima."

"Si akisikia unakuja atatoka tu, akae kwa jirani mpaka umalize? Shida iko wapi?"

"Shida ni kiti," Protus akasema. "Nimtoe mama kwa kiti chake, halafu mimi nikalie? Kingali na joto?"

Sheilah alicheka tena, lakini hakubishana. Kiti ni kiti.

Protus alifanya kazi ile kwa moyo wote. Disketi ikiingizwa, kwanza ingechungulia ndani ya mashine na kutambua mfumo uliomo. Ikikuta DOS, ingepita njia hii. Ikikuta Windows 3.1, njia ile. Ikikuta Windows 95, njia ya tatu. Yale maswali ambayo mashine huuliza aliyaandikia majibu mapema, mashine ikiuliza tu, disketi inajibu. Aliijaribu kwenye kila kompyuta ya dukani, akaijaribu kwa mawakala wa Busia, na kila mahali ilitembea. Watu walikuja kutazama kompyuta ikijifanyia kazi bila mkono wa mtu. Wakala mmoja alisema sasa imebaki ijilipie umeme. Protus, ambaye hakuzoea kusifiwa, aliangalia chini na kufuta skrini ambayo haikuwa na vumbi.

Swali moja tu alilibakiza, lijibiwe na mtu mwenyewe. Kabla ya kufuta vitu vya programu ya zamani ili kupata nafasi, disketi ilisimama na kuandika: Kila kilichomo kwenye folda ya zamani kitafutwa. Una uhakika? Jibu ndiyo au hapana. Fundi yeyote mwenye akili angelibakiza swali hilo. Kwenye disketi za Busia lilikuwepo, na watu walilijibu bila kinyongo.

Lakini ilipofika siku ya kuandaa disketi ya Malaba, Protus alilisoma swali lile kwa macho ya mama mkwe wake, na jasho likamtoka. Jibu! Yeye, Protus, amwambie mama yake Sheilah "jibu"? Akabadilisha, akaandika "tafadhali jibu". Bado ilikuwa amri. Akaandika "tunaomba utujibu". Sasa ilikuwa kama polisi mwenye adabu. Kisha lile "una uhakika" nalo likaanza kumchoma. Mkwe gani humuuliza mama mkwe kama ana uhakika? Ni sawa na kumwambia huna akili. Alikaa mbele ya skrini muda mrefu, mtu mzima aliyesoma, akihangaika na maneno mawili. Mwishowe akalitoa swali lote. Akaiagiza disketi ijijibu yenyewe, ndiyo, na isonge mbele. Ndani ya moyo wake alihisi amefanya adabu.

Dereva wa Ogendo aliipeleka Malaba asubuhi pamoja na maelezo mafupi: ingiza, andika WEKA, bonyeza. Mchana simu ya dukani ikalia. Alikuwa mzee Oluka, na sauti yake ilisikika mpaka mlangoni.

"Entri zangu zote zimeenda! Malori yamepanga laini huko nje na mimi sina karatasi hata moja! Huyu mama amebonyeza nini?"

Ogendo alimtuliza, akakata simu, akamgeukia Protus. "Umesikia? Disketi ni nzuri, mama ndiye hajui mashine. Sasa hapo lazima uende."

Protus alikuwa ameshaelewa kila kitu. Folda isiyotengwa, swali lililotolewa, lile "ndiyo" lililojijibu lenyewe. Alifungua mdomo. Angesema, "Boss, ni mimi." Maneno matatu tu. Badala yake alisema, "Nitaenda," na akachukua mkoba wake. Nikimfikiria pale hunijia hasira, kwa sababu pale dukani hapakuwa na mkwe wala soni. Palikuwa na Ogendo tu.

Ofisi ya Oluka ilikuwa ya mabati, vyumba viwili vilivyogawanywa kwa ubao mwembamba usiofika juu. Protus alikohoa mlangoni kwa nguvu, akangoja. Akasikia nyayo zikihamia chumba cha ndani, mahali pa jiko la mafuta na majalada ya zamani. Alipoingia alikuta kiti cha katibu kimeondolewa. Mbele ya kompyuta palikuwa na kiti kingine, cha plastiki, kilichoazimwa hoteli ya jirani, kimefutwa vizuri. Mama wa watu, siku ile kazi yake ikiwaka moto, alikuwa amekumbuka jambo la kiti. Protus alikaa juu yake kama mtu aliyekalia miiba.

Mashine ilikuwa ya DOS, na hiyo ilikuwa bahati. DOS ikifuta faili haiteketezi kilichomo. Inameza herufi ya kwanza ya jina, kisha inaitangaza nafasi ile kuwa wazi. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, faili iko palepale, na ukiirudisha, mashine inakuomba ile herufi. Protus angeweza kuweka herufi yoyote, X tupu kila mahali, na faili zingerudi. Lakini Gaudencia alizipa faili zake majina ya wenye mizigo, na angebaki akitafuta watu wake kati ya X. Alitaka kumrudishia kazi yake kama alivyoiacha. Ilimbidi aulize.

Aliuangalia ubao. Akakohoa tena.

"Hapa kuna ARASA," akauambia ubao.

Kisha sauti ya mama, ya chini, nayo ikiuambia ubao kutoka upande wa pili. "B. Barasa wa sabuni."

"POLOT."

"O. Yule wa chumvi."

"PEDUNO."

"A. Huyo ni mama wa mitumba, wa Tororo."

"TYANG."

"E."

Wakaendelea hivyo. Mtu aliyepita nje angedhani ni shule ya watoto. Mwanzoni sauti zote mbili zilikuwa na haya, lakini kazi ina namna yake ya kulegeza watu, na baada ya muda herufi zilikuja haraka, tena na maelezo: huyu hulipa vizuri, yule hukosea uzito wa mzigo wake kila mara, huyu wa tatu alifariki lakini ndugu zake bado wanatumia jina. Protus aligundua kwamba mama huyu aliyejua watu wote wale, mizigo yao na tabia zao, kila kitu alichokijua alikiweka ndani ya mashine ile. Yeye alikuwa amekifuta asubuhi moja, ili asimwambie "jibu".

Katikati ya majina sauti ikasema, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Hii kitu haikuniuliza kitu."

Protus alibonyeza herufi ya jina lililotangulia.

"Ile ya zamani ilikuwa inauliza," sauti ikaendelea. "Hii imenyamaza tu, halafu ikaniambia imemaliza."

Protus aliona aibu. Alijua kwamba mama anajua. Alichohitaji ni kuuambia ubao, ndiyo, mama, nililitoa mwenyewe. Ubao ulikuwepo, hawakuonana, hata mila isingesema neno. Akasoma jina lililofuata.

Faili nyingi zilirudi. Zilizokataa ni zile za wiki ileile, kwa sababu programu mpya ilikuwa imeshaketi juu yake. Na hizo ndizo za malori yaliyokuwa nje, laini ndefu ikielekea Amagoro, madereva wamelala chini ya magurudumu wakikwepa jua. Wateja wawili wa Oluka walikuwa wameshahamia kwa wakala mwingine. Gaudencia aliposikia kwamba hizo hazirudi, alisema, "Basi."

Oluka aliingia wakati huo. Alikuwa mzee mrefu wa Kiteso, na kwa kawaida mpole, lakini siku hiyo kofia yake ilikuwa mkononi, imekunjwa.

"Fundi, umepata?"

"Nyingi nimepata, mzee. Za wiki hii zimeharibika."

"Ndizo nilikuwa nataka!" Oluka akaipiga meza kwa kofia. "Sasa niambie ukweli. Shida ni disketi yenu ama ni mtu wangu? Kama ni disketi, mimi nampigia Ogendo sasa hivi, anilipe na amfute kazi aliyeitengeneza."

Nyuma ya ubao palikuwa kimya. Protus aliusikia ukimya ule. Alielewa baadaye, na nadhani hata wakati ule alielewa, kwamba mama alikuwa akimwachia nafasi. Alikuwa ametulia akingoja mkwe wake aseme. Protus aliangalia kibodi. Alimfikiria Sheilah na kodi ya nyumba, akamfikiria Ogendo na kicheko chake, akawafikiria wale waliokuja kutazama kompyuta ikijifanyia kazi.

"Ni mimi, mzee," sauti ikasema kutoka chumba cha ndani. "Nilibonyeza vibaya."

"Nilijua." Oluka alishusha pumzi. "Gaudencia, umenifanyia kazi vizuri, siwezi sema uongo. Lakini hizi mashine za siku hizi zinataka mtu kijana. Maliza mwezi, tuachane kwa amani."

"Sawa, mzee."

Sasa Protus alikuwa na kisingizio chake. Mama mkwe amesema. Akimpinga mbele ya mtu, si atakuwa amemwita mwongo? Hivyo ndivyo alivyojieleza kwa miaka, na wapo wazee wanaomtetea. Mimi si mmoja wao. Heshima haijawahi kumkataza mtu kusema "ni mimi".

Oluka akamgeukia, akamshika bega. "Na wewe kijana, asante. Bila wewe ningepoteza zote. Nitamwambia Ogendo akuongeze kitu."

Protus akasema, "Asante, mzee." Mungu wangu, alisema asante.

Oluka alitoka kwenda kuwatuliza madereva. Protus alianza kukusanya disketi zake ili aondoke upesi, kabla mama hajahitaji kutoka. Lakini pazia la chumba cha ndani lilisogea, na Gaudencia akatokea. Hakukohoa kumtahadharisha wala hakugeuza uso pembeni. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza, mwanamke mfupi mwenye miwani, kitambaa kichwani, na akamtazama usoni. Protus alirudi nyuma mpaka kiti cha plastiki kikaanguka.

Mama akanyoosha mkono. Ulibaki hewani pale, ukingoja, na Protus, asijue la kufanya, akautoa wake. Mama akaupokea, akautikisa kidogo, kama watu wanavyosalimiana benki.

"Asante, fundi," akasema. "Safari njema."

Kisha akachukua kile kiti, akakifuta, akakirudisha hoteli.

Jioni Protus alifika nyumbani, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. Sheilah alikuwa akichambua mboga za kunde. Alikuwa ameshapata habari za kazi ya mama yake, kwani habari mbaya Malaba hazingoji gari. Alikuwa amelia kidogo, akanyamaza, na sasa alitaka kujua jambo moja tu.

"Mama alikuwa na hasira?"

"Hapana."

"Alikuambia nini?"

"Alinisalimia," Protus akasema.

Sheilah aliinua kichwa. "Alikusalimia vipi?"

Protus aliangalia kiganja chake. "Kwa mkono."

Sheilah aliacha kuchambua mboga. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, akitafuta kama anatania, na alipoona hatanii, sahani ikamteleza magotini, mboga zikamwagika sakafuni. Kwani mtu humpa mkono nani? Humpa mgeni. Humpa karani, dereva, mtu wa njiani asiyemhusu.

"Umemfanya nini mama yangu?" akauliza.

Na Protus, aliyekuwa amenyamaza mbele ya Ogendo, mbele ya Oluka na mbele ya ubao, alianza kumweleza kuhusu swali alilolitoa. Sheilah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu, na Protus akabaki akiokota mboga.